Mwongozo kamili: jinsi ya kumfanya mfanyakazi aone anathaminiwa, kuanzia tarehe ya mshahara hadi Mei Mosi

Tisheti zenye nembo, keki ya siku ya kuzaliwa, picha ya mfanyakazi wa mwezi ukutani: mabosi wengi huanzia hapo. Si vibaya. Ila mfanyakazi anayedai mshahara wa mwezi uliopita ukimpa keki ataila, atasema asante bosi, na jioni atampigia rafiki yake wa mtaa wa pili kumuuliza kama huko kwao kuna nafasi.

Mwongozo huu ni wa mwenye watu watano hadi thelathini hivi: mgahawa, gesti, saluni, famasi, duka la vifaa vya ujenzi. Mifano mingi nimeichukua kwenye mgahawa kwa sababu huko matatizo yote hukutana: zamu za usiku, bakshishi, glasi zinazovunjika, wateja wenye maneno. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Aliyeko Zanzibar, Kenya au kwingine aangalie za kwake, lakini hatua zenyewe hazibadiliki sana.

Zifuate kwa mpangilio. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alichapisha matokeo ya mahojiano aliyoyafanya na wenzake kwa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliulizwa ni lini walijisikia vizuri sana kazini, na ni lini walijisikia vibaya sana. Waliposimulia mabaya, walizungumzia sana sera za kampuni, usimamizi na mazingira ya kazi. Waliposimulia mazuri, walizungumzia kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Wasomi wamebishana naye tangu hapo, lakini kwa mwenye mgahawa kuna jambo moja la kuchukua: kwanza ondoa kinachoudhi, kisha weka kinachofurahisha. Anayeanza na cha pili anatupa hela.

Hatua ya 1: Tarehe ya mshahara

Chagua tarehe, iandike kwenye mkataba, ilipe. Mwenye nyumba wa mfanyakazi wako hataki kusikia kwamba mteja wako mkubwa hajalipa ankara.

Mwezi ukiwa mbaya, waambie watu kabla ya tarehe. Usingoje ipite. Waite wote, taja kiasi kilichopo na siku utakayomalizia, kisha anza na wenye mishahara midogo. Ukisema hakuna hela, wiki hiyo usionekane unabadilisha rimu za gari. Wafanyakazi wanaona kila kitu, na wasichokiona mlinzi atawasimulia.

Kila malipo yaende na salari slipu, hata kama mko sita tu. Sheria inataka mchanganuo wa maandishi, na hapo ndipo mtu anapojua kwa nini laki tatu imekuwa laki mbili na kitu. Michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haitakiwi kuzidi nusu yake. Ukiikata, ipeleke. Siku hizi mwanachama anaangalia michango yake kwenye simu, na akikuta miezi minne mitupu hakuna sherehe ya mwisho wa mwaka itakayomrudisha moyo.

Halafu kuna advansi. Mtu asiyeweza kupata advansi kwako ataipata kwa wakopeshaji wa kausha damu, na siku si nyingi mkopeshaji atakuja kusimama kaunta kwako mbele ya wateja. Weka kanuni fupi: kuanzia tarehe 15, yeyote anaweza kuomba hadi theluthi moja ya mshahara wake, kwa fomu ya mistari miwili, na jibu analipata siku hiyo hiyo. Usimhoji za nini. Mtu mzima kueleza mbele ya kaunta kwamba mtoto amerudishwa shule kwa kukosa ada ni fedheha, na fedheha hiyo ataikumbuka kuliko hela uliyompa.

Hatua ya 2: Makato ya glasi na shoti

Hapa nitakaa kidogo, maana manung'uniko mengi ya migahawani yanaanzia hapa. Glasi ikivunjika, mhudumu anakatwa. Hesabu ya jioni ikipungua, keshia anafidia shoti kutoka mfukoni. Mabosi wanaona ni nidhamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya hasara, ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Glasi ya elfu tatu kukatwa elfu kumi "ili uwe makini" haimo humo.

Sasa tazama kinachotokea jikoni kwenye makato ya kiholela. Glasi inaanguka mlangoni, pale mhudumu anayetoka na trei anapokutana na mwosha vyombo anayeingia na ndoo. Wanatazamana. Mmoja anachukua gazeti, anakusanya vigae, anavifunga na kuvisukuma chini kabisa ya pipa. Wewe utajua Jumamosi usiku, wakati meza ya watu kumi na wawili inapokuwa na glasi saba.

Fanya hivi. Tundika daftari karibu na sinki, lenye safu tatu: tarehe, kilichovunjika, mahali. Safu ya jina usiiweke. Tangaza kwamba anayeandika hakatwi, isipokuwa kwa uzembe wa wazi uliojadiliwa naye. Baada ya mwezi soma safu ya mahali. Mara nyingi utakuta vitu vinavunjika sehemu moja: mlango unaofunguka pande zote mbili, sakafu inayoteleza, rafu iliyo juu mno kwa watu wafupi. Mkeka wa mpira na bawaba moja vitakugharimu kidogo kuliko glasi za mwaka mzima. Na mwosha vyombo aliyekuwa akiitwa mzembe ataona kwamba umeamini maandishi yake.

Kwa shoti, hesabuni fedha pamoja wakati wa kupokezana zamu, na wote wawili wasaini. Droo moja isitumiwe na watu watatu kisha akatafutwa mmoja wa kulipa.

Hatua ya 3: Muda wa mtu

Ratiba ya wiki ijayo iwe ukutani kufikia Alhamisi. Mfanyakazi anayeletewa ratiba Jumapili usiku hawezi kupanga kliniki ya mtoto wala kikao cha harusi ya dada yake.

Viwango vya sheria ni hivi: saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, saa moja ya mapumziko kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, ovataimu kwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa saa za usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. (Kenya ni siku 21 za kazi.) Likizo usiinunue kila mwaka kwa sababu "hatuna mtu wa kushika nafasi yake". Kama biashara haiwezi kukaa mwezi bila mpishi mmoja, tatizo hilo ni lako, na mwaka huu ndio wa kufundisha wa pili.

Ofu iwe ofu. Kumpigia mtu aliye nyumbani kumuuliza funguo za stoo ziko wapi kunakubalika mara moja. Mara ya pili chonga funguo za akiba.

Mgahawa ukifungwa saa tano usiku na mhudumu anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, panga usafiri. Bodaboda moja inayoaminika, iliyokubaliana bei na wewe kwa mwezi, ni nafuu kuliko kuajiri mhudumu mpya kila baada ya miezi mitatu.

Na chakula. Ukitaka kujua mgahawa unavyowaona watu wake, angalia wanakula wapi. Mara nyingi utawakuta wamesimama nyuma ya jiko, sufuria moja, vijiko vitatu, wanakimbizana na kengele ya mteja. Weka meza, benchi na nusu saa kwa zamu, na mara moja kwa wiki wale kile wanachokiuza. Mhudumu asiyewahi kuonja biriani yako atamwelezaje mgeni?

Hatua ya 4: Bosi mmoja

Hii ni fupi. Kila mtu awe na mkataba na karatasi moja ya majukumu, na ajue anaripoti kwa nani. Ugonjwa wa biashara za kifamilia unajulikana: meneja amesema hivi, shemeji wa bosi amesema vile, mtoto wa bosi aliye likizo naye ametuma mtu dukani. Waite ndugu zako uwaambie kwamba maagizo yote yanapitia kwa meneja, kisha na wewe mwenyewe uifuate kanuni hiyo. Usipoifuata, meneja wako ni picha tu.

Hatua ya 5: Kusifu

Sasa ndiyo tumefika kwenye shukrani. "Asanteni timu, kazi nzuri" haimgusi mtu, kwa sababu aliyejituma na aliyekuwa anachati wote wameipata sawasawa. Linganisha na hii: "Dada, jana yule mzee wa meza ya dirishani alikuja amekasirika. Nilikuona ulivyomletea maji kwanza kabla hujamuuliza kitu. Ameondoka amekata keki ya kupeleka nyumbani." Kuna tendo, kuna wakati, kuna matokeo. Unachukua nusu dakika kuyasema.

Sema ndani ya siku moja au mbili. Usiiunganishe sifa na mzigo mpya; "umefanya vizuri, kwa hiyo kuanzia kesho na stoo utaishika wewe" inawafundisha watu kujificha. Na watafute wasioonekana: mlinzi, mwosha vyombo, mama anayefagia alfajiri. Kwao sifa ya bosi ni adimu, wengine hawajawahi kuisikia tangu waajiriwe.

Angalia na umri. Kijana wa kaunta unaweza kumpigia makofi mbele ya wenzake akafurahi. Mpishi aliyekuzidi miaka ishirini ukimpigia makofi kama mwanafunzi wa darasa la pili, umemshusha. Huyo mfuate jikoni kukiwa kumetulia, "mzee wangu, ule mchuzi wa jana umeniheshimisha", inatosha. Wapo pia wanaoona aibu kutajwa hadharani, hata wawe vijana. Waulize.

Grupu la WhatsApp la kazini linahitaji sheria zake. Unajua picha ninayoizungumzia: saa nne usiku, choo kichafu, chini yake maandishi makubwa NANI ALIKUWA ZAMU, kisha mlolongo wa "sawa bosi", "sawa bosi", dole gumba, "sawa bosi". Kumi na nne wameaibishwa kwa kosa la mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika sawa bosi. Grupu libaki la ratiba, taarifa na pongezi. Kosa liongelewe ana kwa ana, kesho yake, mlango ukiwa umefungwa. Baada ya saa mbili usiku nyamaza, isipokuwa kuna moto.

Bakshishi nayo ni sifa, ile ya mteja. Mpishi hukasirika akiona mhudumu anaondoka na elfu ishirini kwa chakula alichopika yeye. Wakutanishe wakubaliane wenyewe namna ya kugawana, iandikwe, na sanduku lifunguliwe mbele ya wawili kutoka pande tofauti. Meneja asiwe na fungu, na wewe usiiguse kabisa.

Hatua ya 6: Mazungumzo ya watu wawili

Kila mfanyakazi, mara moja kwa miezi miwili au mitatu, dakika ishirini. Shida utakayokutana nayo ni hii: ukimuuliza mambo yakoje, atasema "yako poa tu bosi, hamna shida". Wengi tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi usoni. Kwa hiyo usiulize kuhusu wewe wala kuhusu hisia zake, uliza kuhusu kazi. "Ni kitu gani kinakupotezea muda zaidi kwa siku?" "Kesho ukiwa wewe ndiye meneja, utabadilisha nini cha kwanza?" "Mteja analalamikia nini ambacho mimi sikisikii?" Kaeni nje, chini ya mti au kwenye meza ya mwisho, chai mkononi. Ofisini mbele ya meza yako anajiona ameitwa kwa kosa.

Andika anachosema, na ndani ya wiki moja tekeleza jambo moja dogo alilolitaja. Akisema kisu ni butu, nunua kisu. Lisilowezekana mrudishie jibu: "Lile la jenereta halitawezekana mwaka huu, sababu ni hii." Mtu akikaa miezi bila jibu, duru ijayo utasikia tena kwamba yako poa.

Hatua ya 7: Mpe dhamana

Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo bila kuomba ruhusa. Wewe weka shilingi 10,000. Mhudumu aweze kubadilisha sahani iliyoungua au kumpa mteja aliyesubiri sana juisi ya bure, bila kukutafuta kwenye simu. Aandike tu kwenye daftari, nawe usimgombeze hata pale ambapo ungeamua tofauti. Ukimgombeza mara moja, utaratibu umekufa.

Dhamana nyingine ni ujuzi. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazini, wakiwemo wapishi na wahudumu, hupimwa na kupewa cheti bila kuanza chuo upya. Mpishi wa miaka kumi na tano asiye na karatasi hata moja ukimlipia tathmini hiyo, umempa kitu ambacho nyongeza ya elfu ishirini haikaribii. Bosi husema: akipata cheti ataondoka. Wengine wataondoka kweli. Ila asiye na cheti naye huondoka, na wanaobaki wanaangalia uliwafanyia nini wenzao.

Hatua ya 8: Shida na raha

Hakuna kitu mfanyakazi wa kwetu anakikumbuka kama bosi aliyefika msibani. Si kutuma rambirambi kwa simu: kufika, kuketi kwenye mkeka na wafiwa, kuandikwa kwenye daftari la michango kama watu wengine. Ukifika dakika arobaini tu, ukoo mzima utajua mtoto wao anafanya kazi kwa watu.

Lakini usiache jambo hili litegemee ulivyoamka. Anzisha mfuko wa shida na raha wenye viwango vilivyoandikwa: msiba wa mzazi, mwenza au mtoto, kiasi hiki, ndoa, kiasi hiki, uzazi, kiasi hiki, kulazwa, kiasi hiki. Kiwango kiwe kimoja kwa meneja na kwa mfagizi. Mkitofautisha, mfagizi ataelewa bei yake. Wafanyakazi wachangie kidogo kila mwezi kwa kukubali wenyewe, wewe uongeze kiasi kile kile, na watu wawili waliochaguliwa na wenzao washike hesabu.

Sheria inatoa siku zisizopungua 4 kwa msiba wa ndugu wa karibu, siku zisizopungua 3 kwa baba aliyepata mtoto, na siku 84 kwa mama aliyejifungua, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Aliyefiwa Dar es Salaam na kuzika Kigoma, siku 4 zinaishia barabarani. Ongeza.

Hatua ya 9: Mfanyakazi bora

Mei Mosi ikikaribia, kila taasisi inatafuta mfanyakazi bora wa kumvalisha tisheti na kumkabidhi cheti na bahasha. Desturi hii ni nzuri, ila huharibiwa kwa njia mbili: anachaguliwa kipenzi cha meneja, au wanapokezana kila mwaka mpaka kila mtu apate. Zote mbili watu huzijua mapema, na siku ya makofi utayasikia yalivyo laini.

Tangaza vigezo mwezi Januari, visizidi vitatu, vinavyoweza kuonekana kwenye rekodi: mahudhurio, kauli za wateja, kumsaidia mwenzake. Kura za wafanyakazi ziwe nusu ya alama. Jikoni na ukumbini washindanishwe mbalimbali, maana mteja hamwoni mpishi. Zawadi iwe fedha au kitu ambacho mshindi amekichagua mwenyewe. Watu wameshapewa saa za ukutani za kutosha. Siku ya kumtangaza, soma alichokifanya.

Hatua ya 10: Akiondoka

Ataondoka mmoja, hata ukifanya yote haya. Mlipe siku alizofanya na likizo aliyolimbikiza, mpe cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria, na muage mbele ya wenzake kwa soda. Usimwite msaliti. Muulize swali moja: "Ulianza lini kufikiria kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini?" Jibu liandike kwenye daftari lile lile la mazungumzo. Watatu wakitaja mwezi mmoja au jina moja, umeshajua wiki ijayo unaanza kuzungumza na nani.